Kitabu cha Bustani Chenye Alama ya Pasi

Nina vitabu arobaini na vitatu vya watu walioandika kuhusu bustani zao. Vilikuwa arobaini na vinne.

Vyote ni vya Kiingereza, vyote ni vya zamani, na hakuna hata kimoja kinachofundisha kilimo. Mgeni akiona michoro ya waridi na kabichi huniuliza kama kuna dawa ya viwavi humo ndani. Hakuna. Ni insha. Mtu amekaa mezani akaeleza jinsi konokono walivyomaliza mboga zake, jinsi jirani anavyokata ua vibaya, jinsi alivyongoja mti miaka saba nao ukazaa tunda moja lililooza. Wengi wao wanaandika kuhusu kushindwa, na wanaandika vizuri. Nilikipata cha kwanza nikiwa mwalimu kijana, katika sanduku la vitabu vilivyokuwa vitupwe, nikakisoma nikisimamia mtihani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikivitafuta.

Huku kwetu vililetwa na wazungu wa misheni, maofisa wa kilimo na wake zao. Walipoondoka waliviacha kwenye rafu, rafu zikavunjwa, navyo vikaanza kutembea. Kimoja nilikitoa chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba katika ofisi ya chifu. Vingine viwili nilivipata Meru mjini kwa fundi wa viatu. Vingi vilitoka Embu, kwa mama mmoja anayetandaza turubai karibu na soko na kuuza vitabu vya shule vilivyotumika. Akiniona hucheka.

“Mzee wa maua amefika,” huwaambia wenzake. “Hivi hata wa kufungia njugu wamekataa. Karatasi ni ngumu.”

Naishi Nchiru, karibu na chuo kikuu. Shamba langu halikuwa kubwa, lakini lilikuwa na migomba, mikahawa michache, na bustani ya marehemu mke wangu mbele ya nyumba. Nilipostaafu nilijenga vyumba vya wanafunzi juu ya vyote hivyo. Udongo uliobaki ni ukanda wa hatua mbili kati ya ukuta na vyumba, mahali wanafunzi wanapomwaga maji ya kufulia. Mboga za managu huota hapo zenyewe. Kwa hiyo nasoma kuhusu bustani nikiwa nimezungukwa na saruji, na sina wa kumlaumu.

Kila kitabu nilichonunua nilikiandikia kumbukumbu katika daftari: nimekipata wapi, kwa nani, kina kasoro gani, nimekifanyia nini. Nikiwa kazini niliwahi kutuma habari za wilayani kwa gazeti moja kwa miaka kadhaa, na mhariri wangu alinifundisha kuandika siku hiyo hiyo, kabla kichwa hakijaanza kupamba. Daftari hilo ndilo lililonishtaki baadaye.

Lazima nieleze jambo moja la shuleni. Kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu wa stoo ya vitabu. Anayejua shule zetu anajua siku ya kurudisha vitabu mwisho wa muhula. Darasa zima huketi kwenye nyasi na raba mikononi, kila mtoto akifuta kitabu alichopewa, ukurasa kwa ukurasa. Waliochana hugundisha kwa uji mzito. Jalada lililochakaa huvikwa gazeti. Kisha wanapanga foleni mbele ya mlango wa stoo, nami napekua kitabu mbele ya mwenyewe. Nikiona penseli, namrudisha kwenye nyasi. Nikiona tena, ripoti yake inabaki ofisini. “Kitabu si ukuta wa choo,” nilizoea kusema. Kitabu kilikuwa cha mtoto wa mwaka ujao. Alistahili kukipata kikiwa safi, na niliamini hivyo kwa moyo wangu wote.

Nilistaafu, mazoea hayakustaafu. Kila kitabu cha bustani kilichoingia nyumbani kwangu nilikifuta vumbi, nikakigundisha, nikachukua raba nikaondoa penseli.

Miaka minne iliyopita nilinunua kwa yule mama wa Embu kitabu chenye jalada la kijani. Nyuma kilikuwa na alama ya kuungua, pembetatu ya kahawia yenye ncha, kama mtu aliyetua pasi ya makaa juu yake kisha akashtuka. Ndani, kingo za kurasa zilikuwa zimejaa maandishi madogo ya penseli, yaliyoandikwa kwa mkono mwepesi sana. Nilikifuta kwa siku mbili.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja, msichana anayepanga chumba cha tatu, aliingia kuniletea ufunguo. Akasimama mbele ya rafu, akakigeuza kile cha kijani.

“Mwalimu, hii nayo ilipigwa pasi badala ya shati?”

Alikipiga picha kwa simu, akaandika kitu chini yake akicheka, akaituma kwenye kundi la wanafunzi wenzake wanaotoka Mbeere. Sikufikiria tena jambo hilo. Baada ya siku nane nilipigiwa simu na mwanamke nisiyemjua, aliyefikiwa na picha ile.

“Mwalimu, shikamoo. Hiyo kitabu iko na alama ya pasi, bado uko nayo?”

“Kipo.”

Alinieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyefanya mazoezi. Yeye ni karani katika ofisi ya serikali Siakago. Baba yake alikuwa mtunza bustani katika nyumba ya misheni kule juu, miteremkoni Embu. Mama mwenye nyumba alipoondoka nchini alimwachia kitabu hicho, naye alikuwa akikisoma kila jioni na kamusi, akiandika pembeni. Alifariki binti akiwa darasa la pili. Picha haipo, barua haipo. Mama yake hakuwahi kwenda shule, kwa hiyo hakuwahi kujua mumewe alikuwa akiandika nini humo. Sasa mama huyo ni mgonjwa, hatoki kitandani, na amesema anataka kusomewa kabla hajaondoka.

“Ndani kuna maandishi ya penseli, mwalimu? Pembeni?”

Nilikuwa nimesimama karibu na rafu, kitabu kikiwa mbele ya macho yangu. Ningeweza kujibu kwa neno moja.

“Njoo ukione,” nikasema.

Alikuja Jumamosi, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye sweta nadhifu na viatu vya ofisini, amebeba mkebe wa ndengu kwa ajili yangu. Aliuweka mezani kwa mikono miwili. Hakuketi. Nilimpa kitabu, akakigeuza kwanza nyuma, akagusa ile pembetatu, akatabasamu. Kisha akakifungua.

Nilimtazama akifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi, wa hamsini. Hakuharakisha. Kingo zote zilikuwa nyeupe. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akaanza upya, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko ambao ameshaupekua.

“Si hii,” akasema.

“Ni hiki.”

Nilileta daftari. Sikuwa na njia nyingine ya kulisema. Nilimwonyesha mahali, akasoma mwandiko wangu mwenyewe kwa sauti: “Jalada la kijani. Embu, sokoni. Alama ya pasi nyuma. Penseli kila ukurasa, Kiswahili na Kimbeere. Imefutwa. Siku mbili.”

Kulikuwa na wanafunzi nje wakifua na kuimba pamoja na redio.

“Ulifuta na nini?”

“Na raba.”

“Yote?”

“Yote. Ni mazoea ya shule. Nilikuwa mwalimu wa stoo.”

Aliketi sasa. “Tulikuwa tunafuta pia,” akasema. “Darasa la nne nilichapwa juu ya hesabu niliandika pembeni. Nililia nikifuta, karatasi ikatoboka, nikachapwa ya pili.” Aliniangalia. “Pengine ni wewe ulinichapa.”

“Sikufundisha upande wenu.”

“Walimu wote ni nyinyi tu.”

Tulijaribu. Nilibeba kiti hadi mlangoni, tukakiinamisha kitabu ili mwanga upite juu ya karatasi kwa ubavu. Penseli huacha mfereji hata ikifutwa, lakini mtu huyu alikuwa ameandika kana kwamba anaogopa kuamsha kitabu. Tulipata neno “mvua”. Tulipata “mbolea”, na huenda “mbuzi”. Katika ukurasa mmoja tuliona mstari mrefu wenye herufi kumi na zaidi, binti akaukazia macho hadi yakatoka machozi, na sikujua kama ni ya kukaza. Haukusomeka.

Ndipo nikaona kitu katika daftari, chini ya neno “Siku mbili”. Nilikuwa nimesahau kabisa. Katika kufuta, kulikuwa na mahali paliponichekesha, nikapanakili. Mwandishi wa kitabu alikuwa akieleza kwamba mkulima yeyote mwenye akili timamu hakati waridi mpaka barafu iishe, na kwamba jambo hilo ni kweli popote duniani. Kando yake yule mtunza bustani aliandika: “Huku si hivyo.”

Maneno matatu. Katika kitabu kizima nilikuwa nimehifadhi maneno matatu, kwa sababu yalinichekesha.

Binti aliyasoma mara kadhaa bila sauti. Kisha akafunga daftari.

“Kuja umsomee wewe,” akasema. “Mimi siwezi kwenda kumsomea mstari mmoja nimwambie ndiyo hiyo tu.”

Nilishuka Siakago Jumanne iliyofuata. Mtu akitoka upande wetu wa mlima huona udongo ukibadilika rangi njiani, mwekundu ukigeuka wa kijivu, na migomba ikiacha nafasi kwa miti ya miiba. Joto lilinipokea kabla ya watu. Nyumba ilikuwa ya mabati, imefagiliwa vizuri, na mama alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha mbao karibu na mlango ulio wazi ili apate upepo. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyotarajia. Macho yake yalikuwa na ukungu.

Alisalimia kwa Kimbeere, nami nikaitikia kwa Kimeru, kwa sababu lugha zetu ni kama mashamba yanayopakana. Mtu anaweza kusimama kwenye mpaka akasikia vizuri upande wa pili. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Binti aliketi kwenye stuli kati yetu kutafsiri.

Nilimwekea kitabu mikononi. Hakukifungua. Vidole vyake vilikwenda nyuma moja kwa moja, vikaizunguka ile pembetatu hadi kwenye ncha.

“Ni mimi nilikiunguza,” akasema. “Nilikuwa nikipiga pasi shati lake la kanisa. Alininunia siku tatu. Alisema, sasa kitabu changu kina kidonda.”

Kisha akaeleza, bila kuulizwa, jinsi kilivyotoka nyumbani. Ulikuwa mwaka wa ukame, baada ya mumewe kufa. Mahindi yalikauka, kunde zikakauka, hata mtama. Ikafika Jumapili ya sadaka ya mavuno, siku ambayo kila mtu hupeleka madhabahuni alichovuna, halafu vitu hivyo vinanadishwa uwanjani kwa faida ya kanisa. Mchungaji alikuwa ametangaza kwamba asije mtu mikono mitupu mbele ya Mungu. Nyumbani hapakuwa na kuku wala boga.

“Nikaangalia nyumba yote,” akasema. “Nikaona kitabu. Kilikuwa cha shamba. Nikasema, Mungu ataelewa.”

Watu walicheka kilipoinuliwa mnadani. Mmoja alipaza sauti kwamba mjane amevuna karatasi. Kilinunuliwa na mtu kutoka Kiambere, na baada ya hapo hakukisikia tena. Aliyasema haya bila kujihurumia, lakini mkono wake ulibaki juu ya jalada, na nilielewa kwamba amekuwa akilibeba jambo hilo muda mrefu kuliko mimi nilivyobeba langu.

“Sasa soma,” akasema. “Yake. Usisome ya mzungu.”

Nilifungua kitabu pale paliposema kuhusu waridi. Ilinibidi kumweleza kidogo maneno ya mzungu ili ya mumewe yaeleweke: kwamba kwao kuna barafu, kwamba anasema waridi lisikatwe mpaka iishe, kwamba eti ni hivyo dunia nzima. Binti alitafsiri. Kisha nikasema, “Hapo pembeni mzee aliandika: Huku si hivyo.”

Hayo hayakuhitaji kutafsiriwa. Mama alicheka. Kicheko kilianza tumboni kikageuka kikohozi, binti akamwinua, akamnywesha maji, naye akawa bado anacheka.

“Ni yeye! Ni yeye kabisa. Alikuwa akibishana na redio. Alibishana na daktari. Siku nilipomzaa huyu, mkunga alisema ni mvulana kwa jinsi tumbo lilivyokaa, baba yake akasimama nje ya dirisha akapiga kelele, si hivyo!” Alijifuta midomo. Akatulia kwenye mto, akafumba macho kama mtu anayejiweka sawa kusikiliza jambo refu.

“Endelea,” akasema.

Niligeuza ukurasa. Niligeuza mwingine. Nafikiri alisikia karatasi. Nilikuwa nimejiambia njiani kwamba ikifika hapo nitatunga. Maneno ya mkulima si magumu kutunga, na mtu aliyesoma insha nyingi kama mimi angeweza kumpa mama huyo kitabu kizima cha mumewe, naye mama angekufa ameridhika. Nilifungua mdomo. Lakini nilikwisha kumsikia mtu huyo kwa maneno matatu, na yangu yote yasingefanana naye.

“Mama,” nikasema kwa Kiswahili, “mengine hayapo. Niliyafuta mimi.”

Aligeuza uso kwa binti. “Anasema nini?”

Binti hakuniangalia. Alimjibu kwa Kimbeere, polepole, na nilisikia kila neno. Alisema: mwalimu anasema mengine yameisha kwa miaka, penseli imepauka.

Ningeweza kusema. Kimeru changu kingetosha. Nilinyamaza.

Mama alinyosha mkono, nikamrudishia kitabu. Kisha uso wake ukakaza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona amekasirika.

“Nilimwambia atumie wino,” akasema. “Nilimwambia! Penseli ni ya watoto. Hakusikia. Mtu huyu hakusikia mtu maisha yake yote.” Akasukuma kitabu hadi kikafika ukingoni mwa kitanda, akageukia ukuta.

Binti alinisindikiza hadi penye mti wa mpaka. Nilitaka kumshukuru, akaniwahi.

“Usiniambie asante. Sikukufichia wewe. Angejua ni mtu amefuta, angeuliza ilifika aje kwa huyo mtu. Na ni yeye aliipeleka mnadani. Angekufa na hiyo.” Aliangalia nyuma, nyumbani. “Baba amezoea kugombezwa. Haimuumi tena.”

Kitabu nilikiacha huko.

Alinipigia mara moja zaidi, baada ya miezi miwili. Mama alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Aliniambia hasira ile ilikwisha kesho yake asubuhi, na kwamba siku zake za mwisho mama alilishika lile neno akalitumia kwa kila kitu. Akiletewa dawa: huku si hivyo. Akiletewa uji: huku si hivyo. Mchungaji alipokuja kumwombea, akamwambia kwamba mbinguni hakuna njaa wala kiu, mama alifungua jicho moja akamjibu hivyo hivyo, na watu wa kamati ya kanisa hawakujua waangalie wapi.

Alicheka akinisimulia, nami nikacheka. Halafu akasema alichopigia simu.

“Ile karatasi ya daftari yako. Ile uliandika maneno yake. Naomba.”

Sijawahi kung’oa karatasi katika daftari lile. Nilichukua wembe na rula. Maneno ya baba yake yalikuwa chini kabisa ya ukurasa, na nilifikiri nikate kipande hicho tu, kisafi, kisicho na kitu kingine. Nilimwambia hivyo.

“Hapana,” akasema. “Nipe yote vile iko.”

Nilikata ukurasa mzima, nikautia kwenye bahasha, nikampa yule mwanafunzi wa chumba cha tatu aliyekuwa akienda kwao. Sasa uko ndani ya kitabu cha kijani, Siakago. Alikuwa ametafuta mwandiko wa baba yake tangu utotoni, na alichopata ni maneno yake matatu kwa mwandiko wangu, na juu yake, kwa mwandiko huo huo, neno “Imefutwa”.

Nimepitia kurasa zilizobaki. Neno hilo limo mara ishirini na sita. Jioni jua likifika mlangoni mimi huchukua kitabu kimoja, nikakiinamisha, nikatafuta mifereji. Mingi haisomeki. Wenyewe siwajui, na hakuna aliyepiga simu.